Gugli Yangu na Golikipa wa Bukavu

Treni kutoka Gujarat hadi Mumbai, ndege kutoka Mumbai hadi Amsterdam, kisha ndege nyingine iliyovuka bahari hadi Dulles, nje kidogo ya Washington: hivyo ndivyo nilivyofika kituo changu cha mwisho cha kazi. Nilikuwa na begi moja la nguo, mfuko mrefu wa magongo ya kriketi, na bega ambalo bado lilikuwa zima. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi ni Mhindi wa Tanga. Nilimaliza kidato cha nne pale pale, nikaenda India kwa mjomba kucheza kriketi, na tangu siku hiyo sijakaa mahali bila unyayo kuniwasha.

Meneja wa klabu iliyoniajiri kama mchezaji wa kulipwa alinipokea uwanja wa ndege. Naye alikuwa Mhindi wa kwetu, mzaliwa wa Kisumu.

"Wewe ndio profeshno wetu?" aliuliza, akinitazama juu mpaka chini. "Mbona mwembamba hivi? Huko India hawakukulisha?"

"Walinilisha, bwana. Mimi narusha mpira, sibebi mizigo."

"Leo utabeba. Twende, watu wanangoja mkeka."

Nilidhani ananitania. Hata chai sijanywa, tukashika barabara ya I-270 hadi Gaithersburg, tukaingia bustani ya umma yenye viwanja vya soka na besiboli, na nikajikuta nimeshika ncha ya mkeka. Ninyi mnaocheza leo juu ya nyasi zilizonyolewa hamjui utamu wa mkeka. Ni zulia refu la makumbi ya nazi, linatandikwa juu ya udongo ulioshindiliwa, kisha linakazwa pembeni kwa misumari mirefu. Likilegea, mpira unalala. Likikazwa sawasawa, mpira unaruka, na kwa mrushaji wa mizunguko kama mimi unang'ata na kugeuka vibaya mno. Mkeka kama huo ndio ulionifunza kriketi Tanga, na sikuwa nimeukanyaga tangu nihamie viwanja vya nyasi vya India. Niliupiga kwa kiganja, ukalia kama ngoma. Uchovu wote wa safari ukaniisha.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Mpira wangu wa kawaida ulitua na kumkimbia mpigaji. Lakini nilikuwa na mwingine uitwao gugli. Gugli inatoka kwenye mkono ule ule, kwa mwendo ule ule, ila ikitua inageuka kinyume na kumwingia mpigaji anayetegemea ikimbie. Ubaya wake ni kwamba inamdanganya pia mlinda wiketi, yule mwenye glavu anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu. Akienda upande usio wake, mpira unapita hadi mpakani mwa uwanja na wapinzani wanapata mbio nne, yaani alama nne, za bure.

Huko India nilicheza misimu minne ya daraja la kwanza, yaani mechi za siku kadhaa baina ya timu za majimbo. Kapteni wa jimbo alikuwa mtu mpole, mwajiriwa wa reli. Siku moja alinishika mkono akaniambia, "Ndugu, mpira wako ule unamtoa mlinzi wangu kabla ya kumtoa mpigaji. Usiurushe tena." Nikatii. Mrushaji aliyekatazwa mpira wake mzuri ni mpishi aliyenyang'anywa chumvi. Msimu uliofuata jina langu halikusomwa. Nilikwenda Marekani nikitaka jambo moja tu: kabla bega halijaisha, niirushe gugli katika mechi ya kweli, mtu mmoja nyuma ya vijiti aielewe, na mpigaji atoke.

Gaithersburg hawakunipa. Mlinda wiketi wao alikuwa kijana hodari wa kompyuta, lakini gugli ya kwanza ilimpita kushoto, ya pili ikampita kushoto tena.

"Bwana Haresh," meneja aliniita pembeni, "umekuja kutusaidia sisi au kuwasaidia wale? Hiyo kitu wacha."

Nikaiacha tena. Nilifundisha watoto, nilikaza mkeka, nilirusha mipira ya kawaida kama karani anayegonga mihuri. Kisha unyayo ukawasha, nikahamia klabu ndogo karibu na Upper Marlboro.

Klabu hiyo ilikuwa na kapteni tu, nusura niseme. Alikuwa Mkenya, nesi, aliyejifunza kriketi shuleni Nairobi, na alikuwa amekusanya wachezaji wa kila namna. Mlinda wiketi hakuwa naye kabisa. Lakini uwanja wa jirani watu walicheza soka kila Jumapili, na langoni alisimama Mkongomani mmoja mrefu wa Bukavu, aitwaye Fidèle, msafishaji wa hospitali siku za kazi. Nilimtazama akidaka penalti moja baada ya nyingine. Hakuwa akibahatisha, alikuwa amefika kabla ya mpira. Niliacha mazoezi yangu nikamfuata mbio.

"Kaka, unajuaje mpira unakoenda?"

"Miye ni gardien, Patron," alijibu, akiniita bosi kwa Kifaransa cha kwao. "Golikipa asipojua, nani atajua?"

"Njoo udake na kwetu."

"Ile balo yenu ndogo? Inafanana limao!" Akacheka. "Haya, lete."

Tukamvisha glavu. Nikarusha mpira wa kwanza, ukanyanyuka vizuri usawa wa kifua chake, na Fidèle akafanya alichofanya maisha yake yote: akaupiga ngumi.

"Wee! Hii si football, msee!" kapteni alipiga kelele. "Shika! Kushika tu! Utavunjika mkono, na zamu ya kukufunga bandeji ni yangu!"

Fidèle alikuwa anaruka kwa mguu mmoja, mkono kaubana kwapani. "Mbona hamukunambia iko jiwe?"

Alirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Akaacha ngumi, akajifunza kuchuchumaa, akajifunza kwamba mpigaji akitoka nje ya mstari wake na kuukosa mpira, mlinda wiketi anaweza kuudaka na kuangusha vijiti, na mtu akawa ametoka. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi. "Kumbe ni kuviziana!" alisema.

Kisha, katikati ya mazoezi, nikairusha gugli bila kumwambia. Sikuwa na matumaini; nilitaka tu kuisikia mkononi. Ilipotua na kugeuka, Fidèle alikuwa ameshahamia upande ule, glavu zimefunguka, anaingoja. Nikarusha nyingine. Akaingoja. Nikachanganya, ya kawaida mbili na gugli moja, na kila mara alikuwepo. Mwili ulinisisimka mpaka utosini.

"Umeona nini mkononi mwangu?" nilimuuliza nikihema.

"Siku moja nitakuambia. Nikikuambia leo, utaacha kuifanya."

"Basi tupange ishara, nikuonyeshe mapema."

"Hapana, Patron. Penalti haina ishara. Wewe rusha."

Fainali ya ligi yetu tuliichezea katika mji wa Columbia. Jua kali, mkeka umekazwa mpaka unalia, wake na watoto wamejaa pembeni na masufuria ya pilau. Ikafika mahali wapinzani wamebakiwa na wapigaji wao wawili wa mwisho, mmoja akitoka tumeshinda, nao wanataka mbio tatu tu. Mpira uko mkononi mwangu. Kapteni akaja mbio.

"Rusha ya kawaida, tafadhali. Hiyo nyingine ikimpita Fidèle ni nne. Tumekwisha."

"Haitampita."

"Haresh, mimi ndiye kapteni."

"Na mimi nimewatii makapteni tangu India. Leo niache."

Kapteni akanitazama, akamtazama Fidèle. Kutoka nyuma ya vijiti ikaja sauti: "Kapteni, acha Patron arushe! Miye niko hapa!"

"Sawa," kapteni akasema, akirudi nyuma. "Lakini ikipita, mkeka mtaukunja nyinyi wawili peke yenu."

Nikakimbia hatua zangu chache, nikaachia. Lo! Ilitoka vidoleni ikivuma. Mpigaji akaona mpira wa kawaida, akatoka nje ya mstari kwa furaha, akapiga gongo zima. Mpira ukatua, ukang'ata makumbi, ukageuka ukapita kati ya gongo na mguu wake. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Fidèle alikuwa kule tayari. Akadaka, vijiti vikaruka, na mwamuzi akainua kidole, ametoka, kabla hata hatujamuuliza.

Fidèle, kwa raha, akauachia mpira hewani na kuupiga teke kama golikipa anayeanzisha mchezo. Jiwe! Akaanguka ameshika kidole cha mguu, na sisi sote tukamwangukia juu, naye analia na kucheka chini ya rundo la watu, "Mguu! Mguu yangu, washenzi!"

Baada ya hapo tulicheza pamoja misimu mingine, na gugli niliirusha nilivyotaka, mpaka bega likakataa. Vijana huniuliza siri ya mkono. Nawajibu watafute kwanza mlinda wiketi, kwa maana mpira usio na wa kuupokea unaoza vidoleni. Mimi wangu nilimpata nikikaribia arobaini, na sihesabu kwamba nilichelewa.

Siku niliyoondoka moja kwa moja kurudi Tanga, Fidèle ndiye aliyenipeleka Dulles. Alipokwisha kunishushia mfuko wa magongo nikamwambia, "Sasa sirushi tena. Niambie. Mkono wangu ulifanya nini?"

"Mkono? Miye siangaliaka mkono yako hata siku moja. Wapigaji njo wanaangalia mkono. Gardien anaangalia uso."

"Uso wangu una nini?"

"Ile balo ingine unarusha kama mutu anaenda kazini. Lakini ile ya kugeuka, Patron, mbele ya kurusha, unachekaka. Kidogo tu, hapa." Akagusa pembe ya mdomo wake.

"Miaka yote? Na India pia?"

"India sikukuwako. Lakini si ni mudomo ile ile?"

Tukakumbatiana mpaka askari wa magari akatupigia filimbi. Nikaingia ndani, nikapanga foleni ya ukaguzi, kiganja nimekibana mdomoni. Afisa akaniuliza kama naumwa jino.

"Hapana," nikamjibu. "Nimestaafu."