Mfupa Wangu na Mrija wa Wakwe

Jino langu la mbele lilipopasuka mpaka mzizini, nililia, lakini si kwa maumivu. Niliona sura ya mama yangu. Aling'olewa meno bado ana nguvu zake, taya likanywea, mashavu yakaingia ndani. Mimi niwe vile? Ata! Nilitaka jino la kupandikiza, lishikwe na mfupa wangu mwenyewe.

Dokta wa meno, kijana wa Butembo, aling'oa, akajaza shimo chembechembe nyeupe kama chumvi ya mawe, akafunika, akashona.

"Hii inazuia mfupa usiishe, mama. Ukishajaa, tunaweka skurubu, halafu jino. Lakini pombe hapana. Na usivute kitu na mrija! Ukivuta, damu yenye iliganda inatoka, na kazi yote inaharibika."

Nikaitika kwa furaha, nikasahau kabisa kwamba kesho yake tulikuwa tunakwenda kumposea kijana wangu.

Wakwe wanakaa upande wa Lac Vert, watu wa Masisi kama sisi. Tulipoingia, mtungi wa kasiksi ulikuwa katikati ya sebule, mirija imesimama ndani. Pombe ile ya ndizi, wazazi wa pande mbili huivuta kwenye mtungi mmoja. Anayekataa mrija amekataa ukoo. Muzee, baba ya binti, akavuta, akanipa mrija wake. Yesu wangu! Niliuweka mpaka mdomoni. Nikivuta, mfupa umekwenda. Nisipovuta, mke wa kijana wangu amekwenda. Kijana mwenyewe alinitazama macho yamemtoka.

Nikautoa mrija.

"Banatuzarau," shangazi ya binti akasema.

Hasira ikanipanda. "Nani anazarau? Muangalie!" Nikapanua kinywa mbele ya wakwe zangu wote, pengo na nyuzi nje, aibu gani hiyo! Nikaeleza kila kitu, mfupa, chembechembe, mrija, mate yakiniruka.

Muzee akasimama, akachungulia kinywani mwangu kama mtu anayenunua ng'ombe. Alipokuwa karibu hivyo nikaona mashavu yake yalivyoingia ndani kama ya mama yangu.

"Miye hakuna mutu aliniambia," akasema.

Akauweka mrija ule pembeni, akamwita mkewe alete maziwa ya ng'ombe wao, kwenye kikombe. Kwetu mpita njia hapewi maziwa ya nyumbani, ni ya ukoo. Vigelegele vikapigwa! Nilikunywa polepole huku nalia, na shangazi yule akanipangusa machozi kwa kitenge chake.

Miezi ikapita. Jana dokta alinipiga radio, ile picha ya taya, akaiinua dirishani.

"Mama, mfupa umejaa. Skurubu itashika."

Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wakachungulia mlangoni. Simu ya kwanza nikampigia muzee.

"Mfupa umebaki?" akauliza.

"Umebaki, papa!"

Nikamsikia akipaza sauti nyumba nzima isikie, "Umebaki! Umebaki!" kana kwamba ni mfupa wake.