Magunia Mabichi

Juzi pale Lyamkena nilimwona kijana akimwagia maji magunia yaliyofunika zege. "Bibi, lisipokunywa maji linapasuka," aliniambia. Nilisimama pale muda mrefu.

Baba yangu alikuwa mwashi. Gereji moja ya malori Makambako ilimpa kazi ya kujenga msingi wa zege wa mtambo wa kujaza matairi upepo, uliotumia umeme wa jenereta. Alipomaliza aliufunika kwa magunia mabichi, kisha akaitwa msibani Kifanya.

"Mwanangu, kila mchana yamwagie maji," aliniagiza. "Zege bado changa."

Lakini ilikuwa miezi ya baridi, umande ukiganda kwenye majani, na kwetu mtoto mchanga halazwi na nguo mbichi. Nililihurumia lile zege. Nikayaondoa magunia ya baba, nikalifunika kwa makavu.

Mchana wa kuwasha mtambo, baba akiwa amerudi, gereji ilinuka oili mpya. Ukanguruma, ukatetemeka, bolti zikang'oka na mabonge ya zege. Nikadhani baridi ilikuwa imelipata kabla sijalifunika.

"Nani alikufundisha kazi?" mwenye gereji alifoka.

Baba aliokota bonge, likamumunyika kiganjani. "Nilikosea kipimo cha mchanga, bwana."

Njiani kurudi nyumbani aliniuliza mara moja tu, "Uliyamwagia maji?"

"Ndiyo, baba."

Akaniamini. Hakuiamini tena mikono yake. Mwiko wake ulishika kutu ukutani mpaka tulipomzika.