Chumba Kimoja Kabla ya Adhuhuri

Fundi aliniambia miezi mitatu. Alisimama juu ya kiwanja changu cha Buzebazeba, mikono kiunoni, akasema miezi mitatu mama yako yumo ndani. Nikamwamini. Kwa hiyo wa kwanza kumlaumu ni yeye, ingawa foleni ni ndefu na mimi mwenyewe nimo.

Ziwa lilikuwa limepanda. Nyumba yetu ya Bangwe, aliyoijenga marehemu baba, ilijaa maji mpaka dirishani, kisha ukuta ukalala. Tulitoka na godoro, sufuria na Mama. Watu wakasema tumepona. Ndiyo, tulipona, tukapanga chumba Ujiji kwa mwenye nyumba aliyenuna hata Mama akichota maji ya kutawadha. Mama hakutaka makubwa. Alisema, "Mwanangu, nisije nikatolewa mlangoni kwa watu." Alikuwa anasema siku ya jeneza lake.

Msingi ulikwenda haraka. Halafu likaja giza. Fundi na vibarua wake wote ni watu wa ziwani. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki, basi wanashika mwiko wanajenga. Mwezi ukifa, wanatupa mwiko wanaingia mtumbwini, na kiwanja kinabaki na mbuzi. Mwezi mzima wao ni siku kumi, kumi na mbili za kazi. Fundi hakusema hilo. Lakini mimi naanika dagaa tangu nilipoachia shule darasa la nne. Giza likiingia, mimi pia niko mchangani toka alfajiri, nageuza dagaa, nyumba nimeisahau. Nilikuwa naujua mwezi wa ziwani kuliko yeye, na bado nilihesabu miezi mitatu kama mke wa mwalimu.

Wa pili ni muuza matofali wa Mwandiga. Matofali yake yaliiva nje, ndani mabichi. Mvua ya kwanza ukuta wa nyuma ukayeyuka kama ugali uliozidi maji. Ikabidi tungoje masika yaishe, maana tanuru haliwashwi kwenye mvua. Kila nikienda kumtukana ananiwahi na shikamoo dada, ananivutia kigoda, nami narudi na matusi yangu.

Kuta zilipofika kwenye lenta, juu ya madirisha, nilimleta Mama aone. Alikaa juu ya rundo la matofali, akakitazama chumba kidogo cha pembeni muda mrefu.

"Paueni hiki tu," akasema. "Mabati unayo. Nitakaa humu, nyie mtaendelea kujenga."

Mabati kweli nilikuwa nayo. Niliyalaza chini ya kitanda chake kule Ujiji, yasiibiwe. Mama alikuwa analala juu ya paa lake kila siku.

Fundi akasema kupaua vipandevipande ni kuharibu nyumba, kenchi, zile mbao za kubeba paa, zinapanda zote pamoja, ni kazi ya mwezi, na ataianza giza likiisha. Nikamuunga mkono. Wala si kwa ajili ya kenchi. Niliwaogopa wanawake wenzangu wa mchangani, wangesema nyumba yangu imevaa kofia upande. Nikamwambia Mama avumilie kidogo. Aliomba mkono tu, anyanyuke.

Alikufa alfajiri moja ya mbalamwezi, kenchi hazijaanza kupanda. Mwenye nyumba alitupa pole, kisha akasema uani kwake ni pafinyu, maiti ataoshewa wapi. Nikasema tumpeleke Buzebazeba. Wanaume wakatazamana. Fundi alikuwepo, amekuja msibani na vibarua wake wote, maana siku zile hakuna aliyekuwa ziwani. Hakutaja kenchi. Tulimhamishia Mama mkekani, wao wakayavuta mabati kutoka chini ya kitanda chake, wakaondoka nayo mabegani.

Tuliwafuata na Mama, nikachemsha maji ya kumwoshea pale kiwanjani huku nasikia nyundo. Jua halijafika utosini, chumba kilikuwa kimefunikwa. Fundi aliposhuka nikamuuliza, "Kumbe ni asubuhi moja?"

Alikuwa anaokota misumari. "Dada," akasema, "leo tulikuwa wengi."

Nilimwosha mama yangu humo, mimi na wanawake wawili wa mchangani, wale wale niliowaogopa. Baada ya adhuhuri wanaume wakamtoa. Mlango wenyewe haukuwepo, ni uwazi tu, ila ulikuwa wake. Sisi tukabaki. Sakafu ilikuwa udongo uliolowa. Niliinua macho nikaona bati moja lina alama ya kutu, duara, ulipokaa mguu wa kitanda.

Nyumba nzima ilikuja kuisha, msijiulize baada ya muda gani. Fundi alitaka kukiezua kile chumba, paa lilingane na jingine. Nikamkatalia. Kwa hiyo nyumba yangu kweli imevaa kofia upande, inaonekana toka barabarani, na mpaka leo hakuna aliyenicheka.