Mchezo wa Kuuana Uliokataliwa Ikutha

Nilifunga safari ya Ikutha kwa sababu mbili, moja ya kutangaza na nyingine ya kuficha. Ya kutangaza: vijana wa kanisa letu la Kasikeu walialikwa kuigiza tamthilia ya kale ninayoifundisha shuleni, ya ndugu wawili wanaouana kwa ajili ya kiti cha baba yao. Ya kuficha: kaka yangu Mutua anaishi Ikutha, na hatujasemezana tangu tumzike baba. Yeye alitaka baba azikwe kule Ikutha, mimi nikashinda, akazikwa Kasikeu.

Jumamosi alfajiri tuliondoka kwa lori la kanisa. Kibwezi tukaiacha barabara ya Mombasa, tukavuka mto Athi, na mimi niliyezoea kuwafokea wanafunzi nikaanza kujizoeza salamu kwa kunong'ona.

Saa sita tukafika. Mutua, ambaye ni shemasi, alikuwa akipanga viti kanisani.

"Karibu, mwalimu," akasema, kana kwamba anamkaribisha mkaguzi. Iliniuma sana.

Saa nane mchezo ukaanza. Ili karamu ya mwanzo ipendeze, niliomba muthokoi wa kweli, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na wale ndugu wakala sahani moja. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Walipochomoa panga za mbao, mama mmoja wa kiti cha mbele akainuka.

"Hapana! Hawa wameshakula pamoja. Hawawezi uana!"

"Lakini mama, kitabu ndio kimesema," mmoja wa vijana wangu akajitetea.

"Hiyo kitabu haikukuwa hapa wakikula."

Kanisa zima likacheka, likakataa katakata. Panga zikawekwa chini. Miaka yote nimefundisha kwamba katika tamthilia hizi amani huja baada ya maiti, na sasa nimenyang'anywa maiti wangu wote wawili!

Baada ya maombi, Mutua akaja na sufuria ya muthokoi uliobaki na vijiko viwili.

"Nduku, umekula kitu tangu asubuhi?"

"Sijakula."

Tukala, machozi yangu yakidondokea mle mle. Kisha akauliza, "Kaburi ya baba iko aje?"

"Twende ujionee mwenyewe."

Jumapili tulirudi naye Kasikeu. Njiani niliwaza kwamba yule mtunzi wa kale aliwajua ndugu vizuri. Kosa lake ni kuwalisha kwanza. Nami nilijifunza kwamba kushinda si kupatana.

Jioni Mutua alipiga magoti kaburini, akang'oa magugu hadi mikono ikachafuka.

"Wacha akae tu hapa," akasema. "Ako karibu na wewe."