Cadenas ya Maman Furaha

Leo nalala na vidole kumi, sababu ya mwanafunzi mwenye nilicheka.

Nafundisha kutengeneza mashini za usine, ni kusema viwanda, hapa Lubumbashi. Usine zenyewe zinafungwa moja moja, tunafundisha tu.

Sheria ya kwanza naandikaka ku tableau kila mwaka: mbele ya kugusa mashini, zima disjoncteur, swichi kubwa ya umeme, ifunge na cadenas (kufuli) yako, funguo mu mufuko wako.

Asubui hii courant, umeme, haikukuwa, siku ya kumi na saba. Nimechoka hata kuhesabu. Nikaingiza mukono mu pompe ya maji bila kuzima kitu. Cadenas yangu ilibakia mu tiroir ya meza.

Maman Furaha, mwanafunzi mwenye alikimbia vita ya Goma na batoto batatu, akaenda ku disjoncteur. Akazima, akafunga na cadenas yake.

Nikacheka. (Nanyi municheke, ni haki yenu.)

“Maman, unafunga nini? Courant haiwezi kurudia leo.”

Akatia funguo mu mufuko.

Kisha dakika kidogo, taa zote zikawaka. Mashini ya pembeni, yenye hakuna muntu alifunga, ikaanza kunguruma.

Yetu ikabakia kimya. Mukono wangu ulikuwa ndani mpaka ku kiwiko.

Wanafunzi wote mu atelier bakaniangalia. Nikautoa pole pole.

“Maman, ulijuaje?”

“Sikujua, Prof. Kule Goma pia balituambia: vita haiwezi kufika leo.”