Pete za Chuma Tumboni mwa Meli

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Ni siku mjomba wangu Bakari aliponipandisha feri ya Likoni nikaitazame meli niliyokwisha kuikataa bila kuiona. Usicheke. Umekuja jikoni kwangu hapa Apple Valley, Marekani, jicho moja kwenye simu, ukaniambia, "Bibi, kina Salim wanataka jibu la posa yao Ijumaa." Jibu langu linaanzia kwenye feri ile.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi. Babu yako Athman, ambaye bado hakuwa babu wa mtu, akaleta posa. Alikuwa fundi mitambo katika meli ya mizigo iliyokuja bandarini Kilindini kuchukua kahawa. Kwetu posa haijibiwi papo hapo, hupelelezwa kwanza: huulizwa majirani, mwenye duka, hata muuza mkate. Lakini baharia utamuuliza jirani gani? Basi mtaa mzima ukaipeleleza meli.

Na meli yenyewe ilitia shaka. Pana kupita kiasi, ubavuni ina viraka kama kuna vitu vilikatwa. Nyuma, chini ya jina lake, rangi ilishindwa kuficha jina jingine. Shangazi akaapa kwamba ni meli ya vita imejificha, ina mizinga tumboni, na huyo kijana ataitwa vitani aniache na mimba. Nami, ambaye kwenda sokoni Marikiti ilikuwa safari ya kuagana na watu, nikaamini yote. Nikasema simtaki.

Mjomba Bakari kazi yake ilikuwa kupaka meli rangi gatini. Akaniuliza, "Umeiona?"

"Nimesikia."

"Kwani nimekuuliza umesikia nini?"

Ndipo tukapanda feri. Tukavuka na kurudi, tukavuka tena, ili niione meli vizuri pale ilipofungwa. Hiyo ndiyo safari yangu ya baharini, mwanangu, ya kwanza na ya mwisho, na nilitapika.

"Ilianza kujengwa iwe ya mizigo," mjomba akanieleza. "Vita vikuu vya dunia vikaikuta haijakwisha. Ikawekewa sakafu ndefu bapa juu, ndege zikawa zinaruka na kutua hapo, zinalinda misafara ya meli zisizamishwe na nyambizi. Vita vilipokwisha ile sakafu ya juu ikakatwa, mizinga ikang'olewa. Ikauzwa, ikapewa jina. Ikauzwa tena, ikapewa jingine."

"Kumbe ni kweli!" nikaruka, maana mwenye shaka hana furaha kama ya kupata ushahidi.

"Ni kweli. Sasa niulize imebeba nini leo."

Hakungoja niulize, akaniambia mwenyewe. Alikuwa ameingia tumboni mwa meli ile. Sakafuni alikuta pete za chuma ambazo zamani zilifungiwa ndege zisiteleze bahari ikichafuka. Sasa pete zile zile zilifungiwa kamba za kushikilia magunia ya kahawa. "Hawakuzing'oa," akasema. "Wazing'oe za nini? Zinashika vizuri."

Jioni ile mjomba akamwita Athman barazani, nami niko nyuma ya pazia. "Mbona hukutuambia meli ilikuwa ya vita?"

"Hamkuniuliza, mjomba. Mlimuuliza muuza mkate."

Nikaolewa. Usidhani shaka iliniisha. Kila akirudi safari nilinusa begi lake nikitafuta baruti, napata harufu ya oili na nguo chafu. Meli ilipozeeka ikauzwa ikavunjwe chuma chakavu, akakata pete moja akaniletea. Ndiyo ile inayozuia mlango wa baraza yetu hapa usijifunge. Nilipohamia huku nayo, askari wa uwanja wa ndege aliigeuza na kuigeuza, akinitazama kama mimi ndiye nyambizi.

Sasa huyu Salim wako, anayekaa mji wa Crystal. Alikuwa mwanajeshi wa hapa Marekani, leo anaendesha lori la ghala moja huko Eagan. Nikamtuma mama yako akampeleleze anakopanga. Jirani akasema hamjui, alidhani ni fundi wa gesi. Upelelezi gani huo! Basi Jumapili alipokuja kwa chai nikampeleleza mimi. Alikataa kochi, akachukua kiti cha ukutani, macho mlangoni. Barafu ilipoporomoka kutoka paani, alikuwa wima kabla sijaweka kikombe. Nikajisemea, hii nayo ina viraka.

"Salim," nikasema, "huko vitani ulifanya nini?"

Ukanifinya. "Bibi, please! You can't just ask that."

Yeye akaweka kikombe chake chini. "Nilibeba majeruhi, Bibi. Wengine hawakufika. Tangu hapo siwezi kuupa mlango mgongo."

Wewe ukamtazama kama umemwona leo. Miezi yote ya kupendana, hukuwa umemuuliza.

Kisha wewe naye mliponipeleka kliniki, ngazi ilikuwa barafu tupu, nami nina kilo nisizozitaja. Salim hakuambiwa na mtu. Alinishika chini ya kwapa, mkono mwingine kiunoni, akanishusha kipandio kwa kipandio hadi garini. Nikajua mikono ile ilijifunzia wapi.

Basi shuku, mwanangu, sikukatazi. Mimi mwenyewe bado namshuku, na ataona. Lakini nenda ukatazame kwa macho yako, umuulize mwenyewe, usiulize majirani. Mtu hayang'oi yote aliyopitia, basi tazama leo yanashika nini. Na akishakujibu, acha begi lake lipumzike. Mimi nililinusa hadi babu yako anastaafu, na sikupata kitu ila mafua.

Jibu la Ijumaa ni lako, si langu. Pete nimeitoa mlangoni, imo mkobani mwako, ndiyo maana mkoba umekuwa mzito. Mlango wangu nitauzuia kwa kiatu. Mola akujaalie nyumba yenye mlango wa kuzuiwa na pete hiyo ubaki wazi, na ndani yake mtu unayeweza kumuuliza lolote, akakujibu. Amina.