Mkunga wa Baba Aliyebaki Mchangani

Mhariri, tafadhali usichapishe jina langu wala la shule yangu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na ninaishi na mama katika chumba cha kupanga hapa Suna, Migori. Si mwongeaji. Mambo mengi ninayoyajua nimeyasoma, lakini hili sijalikuta katika kitabu chochote, ndiyo maana ninawaandikia ninyi.

Baba alikuwa mkaguzi wa samaki kule Karungu, ufuoni mwa ziwa. Siku moja wavuvi walimpa mikunga wawili walionaswa kwenye wavu wa omena, yaani dagaa wa ziwani. Sisi Wajaluo tunamwita okunga. Ni samaki mwembamba, mrefu kama mkono wangu, ana miiba midogo mgongoni na pua iliyochongoka, na asiyemjua atasema ni nyoka. Baba hakuwapika. Alimwita fundi wa madirisha amtengenezee sanduku la vioo, akatandaza mchanga wa ziwa chini, akawaweka humo. Alinifundisha kuwachimbia nyungunyungu na kuwabadilishia maji kidogo kidogo. Alikuwa akisema mkunga ana tabia kama yangu, hujifukia akatoa pua tu kuwatazama wageni. Baba alipofariki mwaka juzi, tulihamia Suna ili mama auze samaki sokoni, na swali langu la kwanza lilikuwa kama sanduku litaenea kwenye gari.

Mwaka jana mkunga mmoja alitoweka. Tulitafuta chini ya kitanda na nyuma ya kabati, mwishowe tukasema ameruka nje akaliwa na paka. Nikabaki na mmoja.

Kosa langu ni hili. Sijawahi kuwa na rafiki, na muhula uliopita Adhiambo, ninayekaa naye dawati moja, aliomba tusomee kwetu. Nilifurahi hata nikamwonyesha mkunga. Alicheka, akauliza kama huwa ninamwimbia alale. Nilidhani ni utani wa marafiki. Wiki hiyohiyo Ochieng, mtoto wa jirani, aliyekuwa darasa la tatu, alishikwa na malaria akafariki. Kumbe Adhiambo alikuwa amesimulia alichokiona, na kabla ya matanga kwisha, wapangaji wa ploti nzima walikuwa wakisema kwamba mjane wa Karungu anafuga nyoka kwenye kioo. Huku kwetu wapo watu wanaosemwa kuwa hufuga nyoka na kuwatuma wakadhuru wengine. Wateja walianza kuipita meza ya mama kama hawaioni. Kanisani, benchi tulilokalia lilibaki letu wawili.

Mwenye ploti alituita uani, wapangaji wote wakiwa wamesimama. Hakutukana mtu. Alimwambia mama, akimwita binti wa Karungu kwa Kijaluo, "Nyar Karungu, hakuna mchawi anayekula nyoka wake. Kama huyu ni samaki, mpike hapa tuone, na mmle wewe na mtoto wako."

Nilijaribu kumtetea. Nilikuwa na daftari langu la bayolojia ambamo nilikuwa nimemchora, mapezi na matamvua yake yote. Nililifungua nikaliinua waone. Mama yake Ochieng alilitazama daftari, akasema polepole, "Wangu pia alikuwa na daftari." Nikalifunga.

Mama alimtoa mkunga kwa mikono yake mwenyewe. Alimpika kwa nyanya na kitunguu kama anavyopika samaki yeyote, akanipa kipande cha mkia na ugali. Nilikula. Watu walikuwa wakitazama midomo yetu, na niliogopa kwamba nikitapika watasema ni sumu, kwa hiyo nilimeza kila kitu pamoja na miiba. Tulipomaliza, mama alinawa, akasimama, akasema, "Naapa kwa kaburi la mume wangu, katika nyumba yangu hakuna mwingine."

Kwetu mjane haapi hivyo kwa mzaha. Kiapo kama hicho kikiwa cha uongo, wazee husema humrudia aliyeapa na watoto wake.

Nilidhani yameisha. Kesho yake, nikiwa kwenye foleni ya maji, nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Si nilikwambia? Wamewazoea mpaka wanawala." Meza ya mama bado haina watu.

Jumamosi mama aliniambia nimwage mchanga ili auze vile vioo. Nilipoingiza mkono, mchanga ulisogea. Pua ndogo ikachungulia. Alikuwa yule wa pili, tuliyedhani ameliwa na paka. Kumbe alikuwa humo muda wote huo, na nyungunyungu niliodhani ni wa mmoja walikuwa wakiliwa na wawili.

Sasa yuko kwenye ndoo chini ya kitanda changu, nimemfunika kwa sinia. Nikimwambia mama, atajua kwamba ameapa uongo kwa kaburi la baba, na tangu siku ile hata chakula hakimshuki. Nikimpeleka mtoni, wanawake wako huko tangu alfajiri hadi jioni, na nikionekana nikimimina kitu kirefu kwenye maji wanayokunywa, sijui kama tutaendelea kuishi hapa. Karungu ni mbali, na nikiomba nauli mama atataka kujua ninaenda kufanya nini. Nikimuua, nitakuwa nimemuua wa mwisho aliyeachwa na baba, na kiapo hakitageuka kuwa kweli, kwa sababu mama alipoapa, huyu alikuwa hai.

Juzi mama alipokuwa akifagia, ufagio uligonga ndoo, akaniuliza kuna nini. Nilimwambia nimeloweka sare ya shule. Hakunishuku, hajawahi kunishuku. Aliniambia niifue kabla ya Jumapili, maji yameanza kunuka.

Najua barua huchukua siku nyingi kuchapishwa, na huenda Jumapili hiyo itakuwa imeshapita. Lakini sina mwingine wa kumuuliza. Ninyi mnaonisoma, wakubwa kwa wadogo, mwenye neno aniambie: nifanyeje?